Shajara ya mradi: tunamtafuta nge anayezaa bila dume, Dodoma

Oktoba

Kwa wanaojiunga sasa: mimi ni mwalimu wa Biolojia kwenye sekondari moja pembezoni mwa jiji la Dodoma. Pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi tumeanza mradi wenye swali moja. Je, kati ya nge wanaopatikana huku kwetu, chini ya mawe, kwenye magogo na kwenye marundo ya matofali, yupo jike anayeweza kuzaa bila kukutana na dume maishani mwake?

Swali halikutoka hewani. Mwaka 1962 mtafiti Matthiesen aliripoti kuwa nge wa manjano wa Brazil, Tityus serrulatus, huzaa bila kupandwa. Yai la jike huanza kugawanyika bila mbegu ya kiume, kiinitete hukua tumboni, na watoto wanaotoka ni majike watupu, ambao nao wakikomaa huzaa majike. Uzazi huo wataalamu huuita partenojenesisi. Wanafunzi nimewaambia wasiuchanganye na kuchipua kwa hidra, yule mnyama mdogo wa majini, au hamira. Hapa yai lipo na mimba ipo, kinachokosekana ni baba. Baadaye yalipatikana makundi ya nge huyohuyo yenye madume katika baadhi ya maeneo ya Brazil, kwa hiyo hata ndani ya aina moja mambo hayafanani kila mahali.

Duniani zimeshaelezwa aina zaidi ya 2,500 za nge, na zilizowahi kuripotiwa kuzaa bila dume hazifiki 1 kati ya 100. Ni jambo adimu. Tumelishika kwa sababu ndugu wa nge hao wapo nchini. Afrika Magharibi kuna Hottentotta hottentotta aliyeripotiwa kuzaa hivyo, na jenasi ya Hottentotta, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ipo Tanzania. Kwenye visiwa vya kusini mwa Japani kuna Liocheles australasiae, nge mdogo mwenye mwili bapa, ambaye makundi yake huko hayana madume na bado yanaongezeka. Familia yake, Hormuridae, ndiyo familia ya Iomachus, nge bapa wa kwenye nyufa za miamba, naye Tanzania yupo. Undugu peke yake haujathibitisha kitu, lakini unatosha kutufanya tuwaangalie hao kwanza.

Sababu ya pili inanigusa zaidi, nayo ni jiji lenyewe. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, malori ya mawe, kokoto, matofali na mbao hayapumziki. Jike wa kawaida akibebwa kwenye lori la mawe akiwa peke yake na hana mimba, ukoo wake unaishia hapo anaposhushwa. Asiyehitaji dume akishuka mmoja tu kwenye nyumba mpya, kizazi kimeanza. Ndivyo Tityus serrulatus alivyoenea mijini Brazil, akikaa kwenye mifereji ya maji taka na kula mende, na miaka ya karibuni nchi hiyo imekuwa ikiandikisha zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka wanaoumwa na nge. Kama huku kwetu kuna mwenye tabia hiyo, nataka ajulikane mapema, mitaa ikiwa bado inajengwa.

Mwisho wa Oktoba

Vifaa vimekamilika na havikula fedha nyingi. Makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kufunga kwa kuzungusha, yametobolewa kwa sindano ya moto. Mchanga mkavu. Vipande vya vigae vya kujifichia. Pamba ya kulowesha kidogo kwa ajili ya maji. Kibanio kirefu cha chuma. Na tochi ya urujuanimno, ile ndogo ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha hukagulia noti. Nge akimulikwa nayo gizani hung'aa kijani, kwa kemikali zilizomo kwenye ganda lake.

Sheria za klabu zimebandikwa mlangoni. Mkono wa mtu haugusi nge, hata aliyekufa. Hakuna anayefungua kopo akiwa peke yake. Mwenye magando membamba na mkia mnene anashughulikiwa na mimi tu, kwa sababu familia ya Buthidae ina umbo hilo na ndimo walimo nge wenye sumu kali kuliko wote. Atakayeumwa anapelekwa hospitali papo hapo. Hakuna kuchanja kwa wembe wala kufunga kamba.

Wazazi walikuja kuuliza, wakaoneshwa kabati na kufuli lake, wakaridhika.

Novemba

Tumeanza kutafuta. Usiku usio na mbalamwezi ndio mzuri, mng'ao unaonekana kwa mbali. Dodoma imejaa vilima vya mawe makubwa ya matale, na jua la mchana limebambua mwamba ukawa na magamba mapana yenye nyufa. Ukimulika kwenye ufa unaona mstari mwembamba wa kijani umelala kimya. Ni nge bapa. Hatubomoi mwamba kumtoa, kwa sababu gamba lililobanduliwa halirudi na wakazi wake wote wanakosa makao. Tunasubiri atoke mwenyewe kuwinda.

Mzee mwenye shamba la zabibu chini ya kilima alituona na tochi zetu, akaja. Tukasalimiana kwa Mbukwenyi, nikamweleza tunachofanya. Akawaza kidogo.

"Sasa mwalimu, huyo asiye na mume utamjuaje? Mbona hawa wote wanatembea peke yao?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee wangu."

"Basi itabidi umlee kama binti yako, tangu mdogo, usiku na mchana ukijua alipo."

Nimeandika maneno yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Mzee hakusoma Biolojia darasani, lakini njia ya utafiti wetu yote ameisema kwa pumzi moja.

Desemba

Mvua za kwanza zimenyesha. Kumbikumbi wametoka, na chakula cha nge kimekuwa tele.

Jambo kubwa la mwezi huu limetokea kwenye ndoo ya rangi. Fundi mmoja anayejenga jirani na shule alikuta jike mnene kwenye rundo la matofali ya kuchoma, akamfunika na ndoo tupu, akatuita. Kwa umbo tumemweka kwenye kundi la Hottentotta, tukisubiri mtaalamu atazame picha. Alikaa kwenye kopo lake peke yake. Asubuhi moja wanafunzi wakaja mbio ofisini: "Mwalimu, amezaa! Amezaa na hakuna dume!"

Nilipofika bado alikuwa anazaa. Alikuwa ameinua mwili, miguu ya mbele ameikunja chini ya tumbo kama anayekinga maji kwa viganja, na watoto walikuwa wanadondokea humo mmoja mmoja. Ni weupe, laini, mkia umekunjwa, na hawana haraka. Mtoto akishatulia anapanda mguu wa mama taratibu hadi mgongoni. Tulizima taa na kuwasha tochi. Mama akawaka kijani mwili mzima, ila watoto hawakung'aa hata mmoja. Ganda la mtoto mchanga bado halijapata zile kemikali, mng'ao huanza akishajivua ganda la kwanza na lile jipya likakauka. Kulikuwa na wanafunzi wengi kwenye chumba kile na hakuna aliyesema neno.

Kisha wakataka tutangaze, na ikabidi tuketi tuzungumze, maana hapa ndipo mradi mzima unaposimama au kuanguka.

Nge wote wanaojulikana huzaa watoto hai, hakuna anayetaga. Mimba ya nge ni ndefu. Aina nyingine hubeba miezi miwili au mitatu, nyingine hupita mwaka. Jike aliyeokotwa kwenye matofali mwanzoni mwa mwezi na kuzaa mwishoni alikuja na mimba yake. Hilo ni jepesi kuelewa. Gumu ni linalofuata. Hata tungemtenga huyo mama kwa mwaka mzima, akazaa tena, bado isingetosha. Majike wa aina kadhaa za nge huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, na wapo wa Buthidae walioonekana kuzaa zaidi ya mara moja baada ya kupandwa mara moja tu. Kwa hiyo jike mzima aliyetoka porini, azae mara ngapi kwenye kopo, haondoi shaka. Tunayemhitaji ni jike bikira ambaye ubikira wake umeandikwa, aliyetenganishwa na nduguze akiwa bado mdogo asiyeweza kuzaa, akakua peke yake hadi akakomaa. Huyo akizaa, neno litakuwa limesemwa.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, huyu mama hana faida kwetu?" Nikamwambia faida yake iko mgongoni mwake.

Januari

Watoto walijivua ganda la kwanza wakiwa bado mgongoni mwa mama, wakapata rangi, wakaanza kushuka mmoja mmoja kuzunguka kopo na kurudi. Walipoacha kurudi tukawatenganisha, kila mmoja kopo lake, namba yake na ukurasa wake kwenye daftari. Kila ukurasa una sehemu ya tarehe ya kujivua, chakula, na saini mbili kila kopo linapofunguliwa. Saini mbili naziona kuwa ndizo chombo muhimu kuliko vyote tulivyonavyo, kuliko hata tochi. Siku jike atakapozaa, mtu wa kwanza kutupinga atauliza nani alifungua kopo na lini, na jibu litakuwepo.

Mfugaji wa nyuki kutoka Manyoni alipita shuleni kuleta asali akaona kabati. Nilipomweleza, hakushangaa hata kidogo. "Mwalimu, mbona nyuki dume hana baba?" Kweli kabisa. Malkia wa nyuki akitaga yai lisilorutubishwa, hutoka dume, na likirutubishwa hutoka jike. Tofauti ni kwamba kwa nge tunaowatafuta yai lisilorutubishwa hutoa jike. Hata kwa nyuki hilo lipo: nyuki wa Rasi, kule kusini kabisa mwa Afrika Kusini, vibarua wake wanaweza kutaga mayai yasiyorutubishwa yakatoa majike. Mzee huyo wa nyuki alikaa nasi hadi jua likazama. Somo la uzazi bila dume lilieleweka zaidi siku hiyo kuliko vipindi vyangu vyote, kwa sababu watoto wengi wa huku wamekulia karibu na mizinga.

Kidato cha tano wameuliza kama inawezekana ugonjwa fulani ndio unaosababisha. Swali zuri. Kwa baadhi ya nyigu wadogo sana, bakteria wa Wolbachia ndio huwafanya wazae majike watupu, na nyigu hao wakipewa antibiotiki madume hurudi. Kwa mradi wetu hilo linakaa mbali, kwanza tumpate nge.

Machi

Makopo yote yako salama. Ukungu uliingia kwenye machache kwa sababu ya unyevu wa mvua, tumebadilisha mchanga. Wengine wamekufa wakijivua, ndiyo saa yao ya hatari. Mtoto aliyetoka kujivua ni laini kiasi kwamba nyenje aliyewekwa kama chakula anaweza kumla yeye. Tunamwondolea mawindo hadi ganda likaze.

Nge bapa wawili wa mwambani nao wamezaa, watoto wachache lakini wakubwa. Wametenganishwa vilevile.

Mwezi huu pia tumeshuhudia kitu ambacho tulikihitaji ili tujue tunachokikosesha majike wetu. Tulimweka dume wa porini na jike wa porini kwenye beseni pana lenye mchanga na kigae. Dume akamshika jike magando yake yote mawili, akaanza kumwongoza mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku vile vitana viwili vilivyo chini ya tumbo vikipapasa ardhi bila kuacha. Alikuwa anatafuta mahali pagumu. Alipofika kwenye kigae akasimama, akatikisika, akabandika pale kijiti kidogo chenye mbegu, kisha akamvuta jike apite juu yake. Dume na jike hawakugusana kwa namna nyingine. Wakaachana, kila mmoja njia yake. Kijiti kile kitupu tumekiokota na kukihifadhi kwenye spiriti, maana tukikuta kimoja ndani ya kopo la bikira wetu yeyote tutajua la kufanya.

Julai

Baridi na upepo. Nge wamepoa, wanakula mara chache, hawajivui. Tumehamishia kabati kwenye chumba kinachopata jua la mchana.

Kazi ya mwezi ni kuwatambua jinsia. Kila mmoja anawekwa kwenye mfuko angavu wa plastiki, anabanwa taratibu kwa sponji, tunapiga picha tumbo lake na kuhesabu meno ya vitana. Dume kwa kawaida ana vitana virefu zaidi na meno mengi zaidi kuliko jike wa aina yake.

Kati ya watoto wa yule mama wa matofali wamo madume, tena si haba. Chumba kilinyong'onyea. Nilielewa, wanafunzi walitamani wote wawe majike. Lakini hiyo ni habari, tena nzito. Kwa Tityus serrulatus anayezaa bila kupandwa, uzao ni majike watupu. Uzao wenye madume na majike unaelekeza kwamba mama huyu alikutana na dume huko alikotoka, kama nge wengi duniani. Tumeandika hivyo kwenye daftari kwa kalamu isiyofutika.

Swali letu halijafungwa, hata hivyo. Kupata dume siku moja hakumzuii jike kuwa na uwezo wa kuzaa bila dume siku nyingine. Wapo wanyama ambao jike huzaa kwa kurutubishwa dume akiwepo, na huzaa peke yake akikosekana. Mabinti wa mama huyu wanaendelea na makopo yao. Ndugu zao wa kiume wamehamishiwa chumba kingine kabisa.

Watoto wa nge bapa bado ni wadogo na vitana vyao havisomeki vizuri kwa lenzi tuliyonayo. Kwao sitaki kubahatisha.

Niongeze jambo ambalo mtu ameniuliza: mbona msiende tu porini mkahesabu, mkikosa madume mjue? Kwa sababu dume na jike hawaonekani sawasawa. Msimu wa kujamiiana madume hutembea sana, misimu mingine jike ndiye utakayemkuta kila ukifunua jiwe. Ukihesabu msimu mmoja utadhani eneo zima ni la majike. Tunahesabu kila msimu na kuandika, lakini hiyo ni dalili tu.

Novemba, mwaka wa pili

Joto limerudi na majike wamerudi kula. Wakubwa wao wamejivua ganda ambalo kwa vipimo tunaamini ni la mwisho: urefu wa ngao ya kichwani na wa gando umefikia wa majike wa porini tuliowahi kuwakuta na mimba. Kwa hiyo kuanzia sasa wanahesabiwa wazima, na saa imeanza kuhesabiwa upya.

Tumewagawa. Baadhi ya dada watakutanishwa na madume wa porini kwenye lile beseni, tujue kwamba wana uwezo wa kushika mimba na inachukua muda gani. Waliobaki hawatakutana na dume yeyote. Bila kundi la kwanza, ukimya wa kundi la pili usingetuambia chochote, kwa sababu jike asiyezaa anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa hajakomaa, na anaweza kuwa kweli anahitaji dume. Tunapima uzito na kutazama ngozi ya ubavuni. Jike mwenye mimba hutanuka hadi ile ngozi nyororo kati ya sahani za juu na za chini ionekane wazi. Jike aliyeshiba naye hutanuka, ndiyo maana tunapima kabla ya chakula, kamwe si baada yake. Tutawafuatilia kwa mwaka mmoja usiopungua, na wale nge bapa pengine zaidi, kwa kuwa familia yao hukua taratibu.

Wanafunzi walioanza mradi wakiwa kidato cha tatu wameshamaliza cha nne. Wametukabidhi madaftari na kila ukurasa una saini zake mbili.

Ombi kwa walioko Manyoni, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa: nahitaji nge bapa wa kwenye miamba kutoka mbali na hapa mjini. Ukimkuta jike mwenye watoto weupe mgongoni, usimpukute wala usimguse. Mfunike na ndoo, ingiza karatasi ngumu chini, weka jiwe juu, andika mahali na tarehe, kisha nitumie ujumbe siku hiyohiyo. Watoto wakishashuka na kuanza kukua pamoja, kaka na dada, hawatatufaa tena.